Ndugu Yako Ana Neno Juu Yako

Sisi tuliokulia kwenye sharika za vijijini huku Moshi tunajua kuleta sadaka madhabahuni ni nini, kwa sababu tunaibeba kichwani. Mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu, mayai, maziwa kwenye kidumu. Ibada ikiisha tunatoka nje, mnada unaanza, na mara nyingine mkungu mmoja unauzwa mara mbili au tatu kwa sababu aliyeununua ameurudisha uuzwe tena.

Kwa hiyo Yesu anaposema maneno ya Mathayo 5:23-24, huku kwetu picha inaonekana yote: "Basi ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako, kisha urudi uitoe sadaka yako."

Mstari huu niliusoma vibaya kwa miaka mingi. Nilidhani unamwambia mtu aliyekosewa: kama una kinyongo, kamsamehe mwenzako kwanza. Usome tena taratibu. Mwenye neno ni yeye, ndugu yako. Anayeambiwa atoke ibadani ni yule anayelalamikiwa, hata kama moyoni anajiona hana kosa lolote. Wala hapakuwa karibu. Yesu alikuwa anasema na watu wa Galilaya, na madhabahu ilikuwa Yerusalemu, mwendo wa siku kama tatu kwa miguu. Ni kama mtu aliyeketi ibadani Dar es Salaam aambiwe aache bahasha yake hapo, apande basi arudi Marangu, azungumze na mdogo wake, halafu ndipo arudi.

Sasa tazama tunavyoishi. Mtu amegombana na mke wake, anamsomea Waefeso 5:22 na kufunga Biblia kabla hajafika mstari wa 25, ule unaomwagiza yeye ampende mkewe kama Kristo alivyolipenda Kanisa, hata akajitoa kwa ajili yake. Amegombana na jirani, anaweka mstari kwenye status asubuhi, akijua jirani ataufungua. Naamini kabisa kwamba mstari unaomtumia mtu ambaye hujaenda kumwona ni jiwe ulilolifunga kitambaa. Kitambaa ni kizuri, lakini anachokisikia mwenzako ni jiwe.

Mimi nilimrushia kaka yangu. Baba alituachia kihamba kimoja, yaani shamba la ukoo, akakigawa kwa mstari wa masale, ile mimea inayopandwa mpakani, kama wazee wote walivyofanya. Mwaka mmoja nikakuta masale matatu yameng'olewa upande wa mfereji. Sikuuliza. Niliandika kwenye kundi la familia ule mstari wa Mithali 22:28 unaokataza kuondoa mpaka wa zamani uliowekwa na baba zetu, na nikatulia kama mtu aliyetetea haki. Kaka akatoka kwenye kundi siku ileile. Krismasi mbili zikapita, wote tumerudi nyumbani, wote tunakula kwa mama, hatuongei.

Mwaka jana, Jumamosi kabla ya sikukuu ya mavuno, nilikuwa nimeshakata mkungu wa mshare wa kupeleka kanisani. Usiku nikausoma ule mstari wa Mathayo, na safari hii nikauona. Asubuhi mkungu nikauacha jikoni, nikashuka kwa kaka. Alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Hakunikaribisha. Aliniuliza, "Leo umekuja na mstari gani?"

Nikamwambia sina. Nimekuja kusikia neno alilonalo juu yangu.

Alinyamaza muda mrefu, kisha akaanza, na hakuanza na mpaka. Alianza na miezi ambayo mama alikuwa mgonjwa. Mimi nilituma hela kila mwezi na kupiga simu. Yeye ndiye aliyembeba mama mgongoni wakati wa mvua, gari lilipokwama. Hakuna siku niliyomwambia asante. Masale aliyang'oa kwa sababu ukingo wa mfereji ulibomoka, na alikusudia kuyapanda tena. Mimi nilikuwa na mstari kabla sijawa na swali.

Wazee wetu walijua hili. Mtu aliyekosa huchukua jani la sale na kwenda kuomba msamaha, na anayeletewa hukataa kwa shida sana. Mmea uleule unaoonyesha mpaka ndio unaobebwa kuuvuka.

Lakini kuna jambo lazima niliseme, maana limewaumiza dada zetu wengi. Mwanamke anapigwa nyumbani, analeta habari zake kanisani, anaambiwa asamehe "hata saba mara sabini". Maneno hayo yapo Mathayo 18:22. Juu yake kidogo, kuanzia mstari wa 15 hadi wa 17, yupo Yesu huyohuyo akisema mkosaji aonywe, asiposikia waitwe mashahidi, asiposikia tena kanisa liambiwe. Anayemrudisha yule mama kwa mumewe kwa mstari wa 22 bila kugusa ile mitatu ameukata mdomo wa Bwana katikati. Mama huyo aende dawati la jinsia polisi, na wazee wa kanisa wamsindikize. Niendako mimi kumtafuta ndugu yangu ni mlangoni kwa mtu niliyemwumiza. Mama huyo anarudishwa kwa mtu anayemwumiza.

Suala la mpaka mimi na kaka hatujalimaliza. Tumekubaliana kuliongea Desemba, shangazi akiwapo, maana yeye alimwona baba akipanda. Mkungu niliupeleka Jumapili iliyofuata. Ndizi za juu zilikuwa zimeshaanza kuiva.