Pembetatu: tuhesabu pembe au pande?

Mraba tumeuchukua Uarabuni: murabba, mzizi wake ni nne. Mstatili nao ni wa huko huko. Kwa pembetatu Waarabu wana muthallath, ila sisi tuliunga maneno yetu wenyewe: pembe, ile ile ya ng'ombe na ya chumba, na tatu, ambayo Mshona wa Zimbabwe naye anaitamka vivyo hivyo.

Je, tulichagua vyema? Kinyarwanda kilihesabu pande, kikapata mpandeshatu. Hoja ya pande ina uzito. Pembe za nyuzi 30, 60 na 90 hazikuambii ukubwa wa umbo. Pembetatu zenye pembe hizo hazina idadi. Lakini fundi akifunga kamba ya mita 3, 4 na 5, umbo ni moja tu, na kona ya msingi inatoka nyuzi 90 kamili.

Pande nazo zina kasoro yake. Vijiti vya sentimita 2, 3 na 6 havifungi umbo lolote, maana 2 na 3 hazifiki 6. Pembe tatu zikitimiza nyuzi 180, umbo hufunga daima.

Wapo wanaosema jina la pembe ndilo linalowapotosha wanafunzi. Sikubali. Kata chapati ya duara vipande vinne sawa kupitia katikati: kila kipande kina pembe tatu na kingo tatu pia, na bado si pembetatu. Pembe zake ni 90 katikati na 90 kila upande wa ukingoni, jumla 270. Kilichokosekana ni unyoofu, jambo ambalo jina pembetatu halilitaji, wala mpandeshatu. Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alilimaliza hili katika kitabu cha kwanza cha Elements, kazi yake ya jiometri: maumbo ya mistari mitatu iliyonyooka aliyafafanua kwa pande, tripleura, kisha aina zake akaziita trigonon, yaani kwa pembe.

Kosa linalostahili wino mwekundu liko kwenye tahajia. "Chora pembetatu hii" ni umbo moja. "Chora pembe tatu hizi" ni pembe zenyewe, na huenda kila moja iko kwenye mchoro wake. Nafasi moja ya herufi kwenye karatasi ya mtihani, na swali limekuwa jingine.