Waya wa kompyuta haufi pamoja na kompyuta

Ofisi moja hapa Tanga, ambayo sitaitaja kwa sababu waliomo ni majirani zangu, imetoa nje kompyuta zake za zamani pamoja na boksi zima la nyaya, na kufikia jioni boksi hilo lilikuwa linateketea jalalani ili vijana wapate shaba ya kuuza kwa kilo. Sina ugomvi na vijana wanaotafuta riziki. Ugomvi wangu ni na watu wazima wenye vyeti ukutani. Nilipowauliza kwa nini nyaya hizo hazikupewa mafundi, nilijibiwa kwamba mali ya ofisi haigawiwi bila kibali cha kamati. Kibali cha kuimwaga jalalani, bila shaka, kilipatikana bila kikao.

Waya mnene unaoingia nyuma ya kompyuta ya mezani ndio huohuo unaoingia kwenye skrini, printa na baadhi ya majiko ya kupikia wali. Unauchomoa huku na kuuchomeka kule, mradi uusome kwanza, maana umeandikwa ubavuni. Ukikuta 3 x 0.75 mm², yaani nyaya tatu ndani, kila mmoja na shaba nyembamba ya milimita za mraba 0.75, usiupe birika la wati 2,000, kwa kuwa kwenye umeme wetu wa volti 230 birika hilo hula karibu ampea 9, mzigo mkubwa kwa waya mwembamba hivyo. Na fyuzi ya plagi ikiungua, tafadhali, msumari si fyuzi.

Utamu wenyewe, hata hivyo, uko kwenye nyaya za USB. Kichwa kidogo ndicho hulegea kwanza, au huota kutu ya kijani kwa hewa yetu ya chumvi, nasi tunautupa waya wote ilhali kichwa kikubwa bado ni kizima. Ukimenya ganda unakuta nyuzi nne: nyekundu na nyeusi hubeba umeme wa volti 5, nyeupe na kijani hubeba data. Redio ya betri tatu inataka volti 4.5, na kwa kawaida haigombi na 5. Fundi mmoja wa Ngamiani alimfungia mama yangu redio yake hivyo: nyekundu pale kichwa cha betri ya kwanza kinapogusa, nyeusi kwenye springi ya mwisho, na nyuzi za data zikakunjwa na kuzibwa kwa tepu. Alipima kwa mita kabla ya kuunga chochote, kwa sababu nyaya za bei rahisi hazifuati rangi. Sasa mama anasikiliza taarifa ya habari kwa chaja ya simu, na kila mgeni lazima aonyeshwe. Umeme ukikatika pawabenki huchukua zamu, ingawa nyingi hujizima zenyewe zikiona kifaa kinakula kidogo mno, na sauti ya redio ikiwa chini mama hulalamika kwamba amekatwa katikati ya matangazo ya vifo.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba zipo nyaya zisizofaa tena: zilizopasuka ganda, zilizoungua kichwa. Hizo nazo zisichomwe, kwa maana plastiki yake ikiungua hutoa gesi ya asidi na sumu ya dayoksini, na watoto wa karibu na jalala ndio wanaoivuta. Zimenywe kwa kisu. Ni kazi ya kuchosha, lakini shaba iliyomenywa ikang'aa hupata bei nzuri kuliko iliyotoka motoni ikiwa nyeusi.