Hanimuni ya gari: toeni kituo kimoja kwenye hiyo ratiba

Kila msimu wa harusi ukikaribia kuna marafiki wananitumia ratiba zao za hanimuni nizipitie, kwasababu wanajua napenda safari za gari kupita kiasi, na karibu zote zinafanana. Mji mkubwa siku moja na nusu, kesho yake mlimani, keshokutwa mlima mwingine, alafu pwani ya kwanza, pwani ya pili, mji mwingine "tupitie tu", kisha uwanja wa ndege. Kila asubuhi ni kufunga mabegi. Kila jioni ni kutafuta geti la hoteli gizani huku mmoja ameshika simu yenye ramani na mwingine anauliza "kushoto hii au ile ya mbele?"

Mimi naamini kabisa hakuna namna nzuri ya kuanza ndoa kama safari ya gari, mji, milima na bahari vyote kwenye safari moja, ila naamini pia ratiba nyingi zina kituo kimoja cha ziada, na mara nyingi viwili. Vitoeni. Hilo ndio la msingi ninalotaka kusema.

Sababu ya kwanza ni uchovu, na watu wanaupuuza sana huu. Wiki ya harusi hamlali. Simu mpaka usiku wa manane, wageni wanafika, mzabuni wa mapambo hapatikani, siku yenyewe mmesimama tangu alfajiri mpaka muziki unazimwa, alafu eti kesho yake saa mbili asubuhi mko barabarani na masaa sita mbele yenu. Watafiti wa usingizi walishapima hili: mtu aliyekaa macho masaa 17 mfululizo uwezo wake wa kuendesha unashuka karibu sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, na kwa kiwango hicho nchi nyingi haziruhusu mtu kushika usukani. Akifika masaa 24 hali ni mbaya zaidi, inakaribia 0.1. Kwahiyo usiku wa kwanza na wa pili msiendeshe popote. Laleni.

Na ndio maana nasema mji uanze. Mjini hamhitaji gari kabisa, mnahitaji kitanda kizuri, sehemu ya kutembea kwa miguu na uhuru wa kuamka saa tano. Gari likodini siku mnayoondoka mjini, sio siku mnayofika. Kukaa na gari la kukodi katikati ya jiji ni kulipia parking kila siku kwa kitu ambacho hamkitumii, na kuna miji inakuadhibu kabisa kwa kuingia nalo. Miji mingi ya Italia, Florence na Roma zikiwemo, ina maeneo ya katikati ambayo gari lisilo na kibali likipita tu kamera inapiga picha namba, faini inaenda kwa kampuni ya kukodisha na wao wanakukata na ada yao juu, na mnakuja kuijua mkiwa mmesharudi nyumbani kitambo. London nao wanatoza gari kuingia katikati ya jiji tangu mwaka 2003. Sasa ya nini hayo yote, na treni zipo, na miguu mnayo?

Mkitoka mjini ndio milima. Hapa jamani naomba mnisikilize vizuri. Mlimani hesabuni masaa, kilometa wekeni pembeni. Kilometa 100 za barabara kuu ni saa moja na kidogo, kilometa 100 za mlimani zinaweza kula nusu siku, na sio kwasababu barabara ni mbovu, ni kona tu. Barabara ya Stelvio kule Italia inapanda mpaka mita 2,757 na upande wa kaskazini peke yake ina kona kali 48, zimepewa namba kabisa moja moja. Kila kona unapunguza, unageuza usukani mpaka mwisho, unaangalia kama kuna basi linashuka, unapanda tena, kona nyingine hii hapa. Ukiiangalia kwenye ramani ni kauzi kafupi tu. Ile ya Tizi n'Tichka inayotoka Marrakech kwenda Ouarzazate nchini Morocco inavuka milima ya Atlas kwenye mita 2,260, nayo ni hivyo hivyo, na ni nzuri mno mtasimama kila mara kupiga picha, kwahiyo na hizo picha ziwekeeni muda.

Alafu njia za juu zinafungwa. Stelvio inafungwa kipindi chote cha baridi. Barabara ya Tioga inayokatiza hifadhi ya Yosemite kule California inafika mita 3,031 na kwa kawaida inafungwa kuanzia Novemba hivi mpaka Mei au Juni kwasababu ya theluji. Watu wanachagua tarehe ya harusi kwanza (kuna ukumbi, kuna familia, naelewa) alafu njia baadae, ni sawa, ila mkishapata tarehe angalieni njia yenu iko wazi mwezi huo kabla hamjalipia hoteli ya upande wa pili wa mlima. Na nguo pia, hewa inapoa kama nyuzi 6 na nusu kila mnapopanda mita 1,000, kwahiyo mnaweza kutoka bondeni na nyuzi 30 mkafika juu mnatetemeka na masweta yako chini kabisa ya buti. Mkilala juu ya mita 2,500 kuna watu vichwa vinawauma, wanapata kichefuchefu, usingizi hauji, na huo sio usiku mnaoutaka hanimuni. Pandeni mchana mkaone, shukeni mkalale chini kidogo.

Kushuka ndio kwenye kazi kuliko kupanda. Usikanyage breki mwanzo mwisho, weka gia nzito, ya pili au ya tatu, injini ndio ilishike gari, na kwenye otomatiki tafuta L (gia ya chini) au M (gia unazochagua mwenyewe) mapema kabla hamjaanza mteremko, sio mkiwa katikati yake. Breki zikipata moto sana zinaacha kushika, hamna cha ziada. Pikes Peak kule Colorado, ambako barabara inafika mita zaidi ya 4,300, walinzi wanasimamisha magari yanayoshuka wanapima joto la breki kwa kifaa, na zikiwa za moto kupita kiasi wanakuambia upaki pembeni mpaka zipoe, hakuna kubembelezana. Kama wao wanaona ni muhimu kiasi hicho basi na nyie mkinusa harufu kama ya mpira kuungua simameni, nusu saa, mkae mkiangalia bonde, hakuna mnachopoteza.

Pwani iwe mwisho. Kuna wanaonibishia hapa, wanasema pwani iwe mwanzo ndio mpumzike baada ya harusi, na hoja yao naielewa, lakini mapumziko ya mwanzo mji unaweza kuwapa na mapumziko ya mwisho mlima hauwezi. Mkimaliza na mlima mnarudi kazini miguu inauma na nguo zote chafu. Mkimaliza na bahari mnakuwa na siku zinazoweza kuliwa bila kuharibika: ikitokea mvua mlimani, ikitokea pancha, ikitokea mmependa sehemu mkaongeza usiku mmoja, mnapunguza siku ya ufukweni na hakuna booking ya maana inayovunjika.

Na kwenye barabara za pwani kuna jambo dogo karibu hakuna anaeliwaza akiwa anapanga, nalo ni mwelekeo. Pangeni njia ili upande wenu wa barabara uwe ndio upande wa bahari. Great Ocean Road ya Australia (ile iliyojengwa na wanajeshi waliorudi vitani, kati ya 1919 na 1932) wanaendesha kushoto, kwahiyo mkitoka Torquay kuelekea magharibi bahari iko kushoto kwenu muda wote, na abiria anakaa kushoto, hakuna gari kati yake na maji. California wanaendesha kulia, kwahiyo Highway 1 ishukeni kutoka kaskazini kwenda kusini. Faida sio macho tu, sehemu za kusimama kuangalia bahari mnaingia na kutoka moja kwa moja bila kukata mbele ya magari yanayokuja. Ila kama mwenzako anaogopa urefu fanyeni kinyume chake kabisa. Mke wangu ni mmoja wao, akikaa upande wa bonde mkono mmoja unashika mlango, mwingine unashika dashbodi, na anasoma kila kibao kwa sauti, "kona, kona, punguza", na hapo sipo hata kwenye spidi ya 50. Tangu nimelijua hilo mwelekeo tunauchagua kwa ajili yake, nami mandhari nayaona tukisimama, na safari zetu zimekuwa tamu zaidi.

Njia za pwani nazo zinafungwa, msidhani ni milima tu. Mei 2017 mlima uliporomoka ukaifunika Highway 1 karibu na Big Sur na barabara haikufunguliwa mpaka Julai 2018. Chapman's Peak Drive, kilometa 9 na kona 114 nje kidogo ya Cape Town, wanaifunga wakiona hatari ya mawe kudondoka. Kwahiyo hoteli ya pwani iulizeni mapema inafikika kwa njia gani nyingine. Na muulizieni mtu ratiba ya maji: ufukwe mliouona kwenye picha umejaa maji unaweza kuwa matope na majani bahari ikiwa imekupwa, sehemu nyingi inachukua masaa sita hivi kutoka kujaa hadi kupwa, na siku za bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, tofauti inakuwa kubwa kuliko kawaida. Kama mnataka kuogelea asubuhi angalieni hilo kabla ya kuchagua tarehe za pwani.

Makaratasi nayapitia haraka. Kama bibi harusi anabadili jina, tiketi zikatwe kwa jina lililoko kwenye pasipoti atakayosafiri nayo, sio jina jipya la kwenye cheti, hili linawaangusha wengi. Leseni ya kimataifa ya udereva kuna ya mkataba wa kimataifa wa barabarani wa 1949 na ya ule wa 1968, nchi nyingine hazikubali zote mbili, Japani kwa mfano wanataka ile ya 1949. Wote wawili muandikwe kwenye mkataba wa gari kama mnaendesha wote, maana asiyeandikwa akigonga mahali bima inaweza kukataa. Na mkichukua gari mji mmoja na kulirudisha mji mwingine ulizeni ada yake kabla, kwasababu njia ya mji kwenda pwani mara nyingi haizunguki na hiyo ada inaweza kuwashtua kuliko kodi yenyewe. Someni pia bima haigusi nini, mara nyingi ni matairi, vioo na chini ya gari, vitu vile vile vinavyopigwa na mawe ya mlimani.

Sasa nirudi kwenye kutoa kituo, kwasababu najua mtu atasema "lakini tumefika mpaka huku, tutarudi lini?" Naelewa, moyo unataka kila kitu. Lakini fikirieni mnachokwenda kukifanya. Mmetoka kwenye miezi ya vikao, michango, mashangazi, bajeti, kila mazungumzo yenu yalikuwa kuhusu kitu cha kushughulikia. Ndani ya gari ndio mara ya kwanza mko wawili tu na hakuna anaewasubiri. Kama kila siku ina masaa sita ya barabara na saa ya kufika iliyopangwa, mazungumzo yanarudi kuwa yale yale, tumechelewa, kata kulia, umeweka wapi risiti. Ugomvi mwingi wa kwenye gari hauna uhusiano wowote na mapenzi, ni njaa na kuchelewa. Masaa manne ya kuendesha kwa siku naona yanatosha kabisa, na katikati yake simameni kila baada ya masaa mawili, robo saa hivi, mnyooshe miguu. Na kusiwe na kulala usiku mmoja mmoja mfululizo. Usiku mbili kila mahali, tatu ikiwezekana, kwasababu siku ya kwanza mnafika na ya pili ndio mnaishi.

Njia nzuri ya kuchagua kipi kitoke ni hii: kila mmoja aandike peke yake sehemu tatu anazozitaka kweli, bila kuonyeshana, alafu mlinganishe. Zinazofanana zinaingia kwenye ratiba bila mjadala. Katika zilizobaki kila mmoja achague moja ambayo mwenzake haruhusiwi kuipinga. Zilizobaki hapo zote futeni, hata kama ni maarufu kiasi gani. Nimeona wapenzi wakigundua hapo hapo kwamba ule mji wa tatu hakuna hata mmoja aliyeuandika, wameuweka tu kwasababu kila mtu anauweka.

Pesa ya kile kituo mlichokitoa msiirudishe mfukoni kama mnaweza. Ihamisheni kwenye usiku mbili za mwisho pwani, chumba kinachoangalia maji, na gari mlirudishe siku moja kabla ya ndege. Siku hiyo ya mwisho asiwepo mwenye funguo mfukoni.