Kabla fundi hajashika msasa, toa watoto kwanza

Juzi nimepita kwa dada yangu, amepanga nyumba ya zamani hapa Mwanza mjini, zile za ukuta mnene na madirisha ya mbao. Nakuta fundi rangi kajifunga tishati mdomoni anapiga msasa mlango, mkavu kabisa! Juu kahawia, chini yake bluu, kisha kijani, mwisho krimu ambayo sijui ilipakwa enzi za nani. Upepo wa ziwa unaingia dirishani unalisukuma vumbi lote koridoni, na mpwa wangu wa miezi 10 anatambaa humohumo na andazi mkononi.

Nikamwambia kaka simama kwanza. "Vumbi tu hilo bro, tutafagia."

Sasa hapo ndo tunapokosea. Rangi za mafuta za zamani nyingi ziliwekwa madini ya risasi ili zikauke haraka na zidumu, risasi ileile wavuvi wanaifunga kwenye nyavu zizame. Marekani waliipiga marufuku rangi hiyo majumbani 1978, na mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa 1921 ulishazuia rangi nyeupe ya risasi kupakwa ndani ya majengo, yani bibi zetu hawajazaliwa watu wanajua.

Kwa macho huwezi kujua mlango upi unayo, ndo maana mimi nasema nyumba ikiwa ya zamani hesabu kwamba ipo. Mtoto akiimeza mwili wake unafyonza mara 4 mpaka 5 kuliko mtu mzima, unadhani ni kalisiamu unaipeleka kwenye mifupa, na ubongo unaumia bila hata homa. Shirika la Afya Duniani wanasema hakuna kiwango salama.

Na fundi mwenyewe je? Anarudi home na nguo zilezile, mwanae anamrukia mlangoni.

Tulichofanya ni watoto kwenda kwa jirani, turubai chini, msasa ukawa unachovywa kwenye ndoo, na hakuna kufagia, ni kudeki na kitambaa kibichi mara mbili. Kazi ya siku moja ikala mbili, mwenye nyumba akagoma kulipa siku ya pili eti sisi ndo tumejitakia. Nimelipa mimi. Fundi kaondoka na nguo zake za kazi kwenye mfuko wa rambo, kazifunga fundo.