Kivuli cha Mlimani hakilipi ada

Aliyesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam haelezwi kimbweta ni nini: meza na viti vya zege chini ya mti, pa kufanyia kazi za kikundi, kubishana siasa, au kukaa kimya tu baada ya jaribio kwenda mrama. Chuo kilihamia kilimani pale, panapoitwa Mlimani, mwaka 1964, na miti bado ni mingi kiasi kwamba tumbili wanarandaranda kama wenye nyumba.

Kwamba miti hutuliza akili si porojo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwatembeza watu 38 kwa dakika 90, baadhi kwenye nyasi na miti, wengine kando ya barabara yenye magari mengi. Wa mitini walirudi wamepunguza ile tabia ya kurudiarudia jambo baya kichwani, kama ng'ombe anavyocheua. Wa barabarani walirudi vilevile. Mwanafunzi wa wiki ya mitihani anaijua vizuri hiyo cheua.

Hata hivyo, waliopimwa walikuwa wachache, wenye afya zao, na kwa matembezi ya mara moja. Bumu, yaani pesa ya kujikimu ya mwanafunzi, likichelewa, mwarobaini hauleti chakula. Hofu ya kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, nayo haiishii kivulini, na chuo kitakachopanda maua badala ya kuajiri washauri nasaha kitakuwa kinajidanganya.

Halafu kuna ardhi, na hapa ndipo pagumu. Mabweni yaliyozinduliwa Mlimani mwaka 2017 yana nafasi 3,840. Kwa aliyekuwa akiamka alfajiri Mbagala na kugombea daladala mbili, kitanda karibu na darasa ni utulivu kuliko bustani yoyote. Ningelazimishwa kuchagua, ningechukua kitanda. Ila mabweni yale ni ya ghorofa; ukijenga kwenda juu, huna haja ya kufyeka kilima kizima.

Wanaotetea miti, nami nikiwamo, husahau jambo moja: giza. Kimbweta kisicho na taa, binti hakai hapo baada ya saa moja jioni, hata kama chumbani wamebanana na hapasomeki. Anayebaki kivulini ni kaka yake. Taa moja tu ingempa huyo binti saa tatu nyingine chini ya mti uleule, bila kupanda hata mche.