Saa isiyotaka kuguswa usiku

Fundi hakuniuliza swali. Alitoa mashine ya saa yangu ya mkono kwenye kasha, akang'oa mishale, akaondoa uso, akabana lenzi yake jichoni na kukaa kimya kama mpiga ramli. Kisha akasema, "Dada, ulibadilisha tarehe usiku."

Nikamuuliza amejuaje.

"Wote mnabadilisha usiku."

Kwenye ncha ya kibanio chake kulikuwa na kitu kidogo kuliko chembe ya sukari. Jino la gurudumu. Jino moja tu, na saa yangu ilikuwa imekaa wiki mbili ikionyesha nusu ya tarehe moja na nusu ya nyingine, kama mtu aliyeshindwa kuamua aamke au aendelee kulala.

Nitawaeleza nilichofanya, mniambie kosa liko wapi. Ulikuwa mwisho wa mwezi wenye siku 30. Nilikuwa macho, saa sita ikapita, na kwenye kidirisha tarehe ikageuka kuwa 31. Saa haijui mwezi gani una siku ngapi, hilo nalijua, na ndiyo maana mara tano kwa mwaka lazima uisaidie. Nikavuta kinobu cha ubavuni hatua moja, nikazungusha ili nifike 1. Nikasikia "kch". Sauti ndogo mno. Nikaendelea na shughuli zangu.

Kumbe nilikuwa nimeingiza mkono ndani ya mashine wakati mashine nayo ina mkono wake mle ndani. Chini ya uso wa saa kuna kisahani cha tarehe chenye meno 31, na pembeni yake gurudumu linalozunguka mara moja kwa saa 24, lenye kidole. Kidole hicho hakingoji saa sita usiku ndipo kianze kazi. Katika saa nyingi kinaanza kujipenyeza kati ya meno tangu mnamo saa tatu usiku, kinasukuma polepole, na hakijatoka kabisa mpaka saa tisa za usiku huko. Ukizungusha kinobu katika muda huo, unalazimisha kisahani kigeuke huku kidole kimekwama kati ya meno yake. Kimoja lazima kishindwe. Kipinde, kikatike, au kisogee mahali pasipo pake.

Sasa hapa ndipo ninapokasirika. Nilipoipeleka kwa walioiuza, jibu lilikuja kwa maandishi: uharibifu umetokana na matumizi yasiyo sahihi, udhamini hauhusiki. Matumizi yasiyo sahihi! Sikuipigilia msumari. Sikuichemsha. Nilitaka saa iniambie tarehe, kwa kutumia kinobu walichoniwekea wao, kwenye hatua waliyoitengeneza wao kwa kazi hiyo hiyo. Gari la otomatiki halikuachii utoe gia kwenye P mpaka ukanyage breki. Mashine ya kufulia haifungui mlango ikiwa imejaa maji. Lakini saa, chombo kinachojisifia usahihi kuliko vyote, inakuachia uvunje meno yake kwa vidole viwili, bila kukaza, bila kugoma, bila alama yoyote usoni. Inakupa "kch" baada ya tukio.

Na tafakarini wakati wenyewe. Nani anabadilisha tarehe saa nne asubuhi? Tarehe inakuwa na makosa pale tu mwezi unapogeuka, na mwezi unageuka saa sita usiku. Aliye macho anaiona papo hapo. Asiye macho basi ni yule anayekumbuka kabla ya kulala kwamba kesho ana safari, na saa imesimama kwa sababu inajitia ufunguo kwa mwendo wa mkono, naye hakuivaa siku mbili. Saa nyingi hizi zikijazwa kamani mpaka mwisho zinakwenda saa arobaini hivi, kisha kimya. Anaiokota saa nne usiku, anaweka majira, anaweka tarehe. Yaani muda wa hatari umekaa pale pale ambapo mtu ana sababu ya kuigusa. Ungetaka kutega mtego usingepata mahali pazuri zaidi.

Halafu kuna upofu wa uso wenyewe. Una namba 12, siku ina saa 24. Saa iliyosimama ikionyesha 10 na dakika kumi, ni asubuhi au usiku? Hujui. Kwa hiyo hata ukiirekebisha adhuhuri, jua likiwa utosini, ndani ya saa inaweza kuwa ni usiku na kidole kiko kazini. Jua la nje haliisaidii kitu.

Kinachonichekesha kwa uchungu ni kwamba zamani hatari hii haikuwapo. Rolex walipotoa Datejust mwaka 1945, saa ya mkono inayojitia ufunguo yenyewe na kubadilisha tarehe kwenye kidirisha, hapakuwa na njia ya mkato ya kuruka tarehe kwa kinobu. Ukitaka tarehe nyingine unazungusha mishale, saa 24 nzima kwa kila siku moja, mpaka kidole chako kiote sugu. Ilichosha, lakini haikuvunja kitu. Njia ya mkato iliingia kwenye Datejust mwaka 1977. Tumeokolewa dakika chache za kuzungusha, tumepewa jino la kuvunja.

Haya, na mimi niseme ukweli wangu. Onyo limo kwenye kijitabu. Nilikitafuta baada ya ajali, nikalikuta, maandishi ya ukubwa wa siafu, katikati ya lugha kumi na kitu. Sikuwa nimekisoma. Na ni kweli pia kwamba zipo saa ambazo kidole chake kina springi kinachokubali kupinda na kurudi, au zinazokata muunganiko ili kinobu kizunguke bure. Nilipewa habari hii kama utetezi. Mimi naisikia kama ushahidi. Kama dawa inajulikana, nilivunjiwa jino kwa nini?

Baada ya hapo kila mtu akawa mwalimu wangu. Usirudishe mishale nyuma, utaiua! Kwa saa nyingi za kawaida haina neno. Zile za zamani zisizo na njia ya mkato wenyewe walikuwa wakirudisha mshale mpaka mnamo saa mbili usiku na kuupeleka mbele tena ili kuruka siku. Za kugonga kengele ndizo usizirudishe. Vilevile zile za kalenda ya kudumu, zinazojua zenyewe kila mwezi una siku ngapi: Da Vinci ya kampuni ya IWC ya mwaka 1985 unaiwekea kalenda yote kwa kinobu kimoja, ila inakwenda mbele tu. Ukipitiliza, ama uisimamishe uingoje siku ziifikie, ama uirudishe kwa walioitengeneza. Kujaza kamani kupita kiasi? Ya kutia ufunguo kwa mkono itakugomea yenyewe, usishindane nayo. Ya otomatiki, ile inayojitia ufunguo yenyewe, kamani yake inateleza tu. Na kinobu cha kufunga kwa kuzungusha, kifungeni. Maji hayaombi ruhusa.

Fundi alinipa njia yake, na hii naifuata kama dawa. Kwanza zungusha mishale mbele mpaka uone tarehe ikiruka. Hapo umejua ni usiku. Endelea mpaka mshale mfupi ushuke kwenye 6, ambayo midomoni mwetu ni kumi na mbili (saa na ulimi wetu havijawahi kupatana). Hapo kidole kiko mbali. Weka tarehe ya jana. Kisha peleka mishale mbele, ipite usiku mmoja kwa miguu yake yenyewe, na usimame kwenye saa ya sasa. Kama sasa ni alasiri au jioni, ipitishe na mchana. Ni mzunguko mrefu, ndiyo. Tumerudi 1945.

Ninaandika haya saa sita na nusu usiku. Ni tarehe 1 Desemba. Saa iko mezani, inasema 31 Novemba kwa kujiamini kabisa. Nimeilaza kifudifudi, kwa sababu vidole vinawasha.