Nilikuwa Naongea na Simu Jamani, SIMU

Haya tulieni wote, najua mshaiona. Na kama hujaiona subiri, kuna mtu atakutumia kabla hujamaliza kusoma hapa. Ile klipu ya sekunde 19 ambayo nasikika nasema "haya mrembo, tulia hivyo hivyo", halafu mlango unafunguliwa, halafu shangazi anauliza "yuko wapi?", halafu inaisha. Mshikaji wangu ameikata PALE PALE. Sasa nusu ya mnaonijua mnanipigia mkicheka na nusu nyingine mnaniuliza huyo dada alitokea dirishani au alilala kabatini.

Hakukuwa na dada. Video nzima ina dakika 1 na sekunde 52, na zile zilizokatwa ndizo zinazonitetea, ingawa kusema ukweli zinanitetea huku zinanizika.

Si mnazijua zile video za setapu ya simu? Mtu kaweka simu mezani, wolpepa, wijeti (vile visanduku vya saa na hali ya hewa kwenye skrini) na aikoni zote rangi moja, kidole kinapita taratibu, muziki wa kulala usingizi, na chini watu 4,000 wanauliza "wolpepa tafadhali". Mimi nilizitazama wiki mbili usiku na mchana nikasema hii kazi naiweza. Nikaweka lancha mpya (programu ya kubadilisha sura ya skrini ya mwanzo), nikashusha pakiti ya aikoni, nikaijenga wijeti ya saa mwenyewe kwenye KWGT, programu ya kutengenezea wijeti, mpaka macho yakawa yanaona mistari, kila kitu rangi ya mchanga. Mpaka programu ya kikokotoo ina rangi ya mchanga, siijui tena iko wapi, siku hizi napiga hesabu kichwani.

(Kabla hujauliza kwa nini sikurekodi skrini tu yakaisha: skrini ikijirekodi yenyewe haionyeshi vidole wala meza wala kile kivuli kizuri cha pembeni. Inakuwa kama maelekezo ya kufungua akaunti. Watu wanataka mkono.)

Sasa simu haiwezi kujipiga yenyewe, nikaazima ya mshikaji iwe kamera. Kumbukeni hapo. Kila nilichokirekodi kilikuwa kinaingia kwenye galari YAKE. Hilo wazo lilinijia siku ya pili saa nne asubuhi, nikiwa nimeshachelewa kama saa kumi na mbili hivi.

Nikafunga ule mkono wa kushikia simu, ule wenye shingo ya kupinda, kwenye ukingo wa meza, simu ya mshikaji ikaning'inia juu inaangalia chini, yangu imelala chini yake kama mgonjwa anasubiri upasuaji. Shida ya kwanza ilikuwa mistari myeusi inatembea kwenye picha, hiyo ni taa ya chumbani inawaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho haliioni ila kamera inaiona (umeme wenu ukiwa hetsi 50 weka shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, iwe sekunde 1/50 au 1/100, ukiwa 60 weka 1/60, msije kusema sijawahi kuwafundisha kitu). Mimi nilizima taa kabisa nikabaki na ringlaiti. Shida ya pili skrini ikawa nyeupe inaunguza, nikapunguza mwanga wake, nikabonyeza pale kwenye kamera mpaka fokasi na eksposha (kiasi cha mwanga kwenye picha) zikajifunga. Shida ya tatu ndiyo iliyoniua, kioo. Kioo cha simu ni kioo kweli jamani, ukipiga kutoka juu unaliona duara la ringlaiti, unaiona kamera, na nyuma ya kamera unajiona wewe, kidevu kikiwa viwili, mdomo wazi.

Dawa ya hiyo ni kuihamisha taa iwe pembeni, na juu ya simu kuwe na kitu cheusi ili kioo kisipate cha kuonyesha. Wataalamu wana kadibodi nyeusi. Mimi nilikuwa na shuka jeusi. Nikalitoboa tundu la lenzi kwa mkasi, nikalibana kwenye ule mkono kwa vibanio vya nguo, nikaingia chini yake nikapiga magoti kwenye kiti. Kwa hiyo picha iliyokuwepo chumbani ni hii: giza, taa moja ya duara inawaka kutoka chini pembeni, na juu ya kiti kuna kitu cheusi hakina kichwa kinapumua.

Shuka lilikuwa la shangazi. Twende taratibu.

Bado kitu kimoja. Nani alishaona kwamba kwenye matangazo ya Apple simu inaonyesha 9:41? Simu yangu wala siyo iPhone, ila nilitaka na mimi niwe na 9:41 yangu. Nikajaribu kuibadilisha saa kwa mkono, WhatsApp ikagoma ikaniambia tarehe na saa ya simu yako siyo sahihi, nikairudisha. Nikaamua nisubiri saa tatu na dakika arobaini na moja ya usiku, nikatoa mfumo wa saa 24 isije ikaandika 21:41. Ile "Usinisumbue" ya kunyamazisha simu nimewasha. Nimejipanga, sivyo?

Ila ndani ya Usinisumbue kuna kipengele kimekaa kimya kama nyoka. Mtu yule yule akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu inamruhusu apite, eti huenda ni dharura. Mimi sikukizima kwa sababu sikujua kipo.

Haya. Saa tatu na dakika thelathini na nane. Niko chini ya shuka, jasho linatiririka, nimesharudia mara ya ishirini na ngapi sijui, na mtu ukiwa peke yako muda mrefu unaanza kuongea. Najua sauti nitaifuta niweke muziki, kwa hiyo naongea tu kwa uhuru wangu. Nimeshika kitambaa cha kufutia miwani naifuta simu alama za vidole namwambia, "Ngoja nikufute hapo kidogo. Eeeh. Hapo hapo." Namwambia, "Leo umependeza, hujawahi kupendeza hivi." Namwambia, Mungu anisamehe, "Usiogope, ni mimi tu."

Kumbe shangazi yuko koridoni. Anasikia mwanaume mzima gizani anamwambia mtu usiogope.

Shangazi, mtu mstaarabu, hakufungua mlango. Alinipigia. Mara ya kwanza simu ilikaa kimya kama nilivyoiagiza, na mimi wakati huo nilikuwa nimegeuka natafuta kitambaa. Akasubiri. Akasikia naendelea na "haya mrembo, tulia hivyo hivyo, usizime". (Usizime ni SKRINI. Ilikuwa inajizima kila sekunde 30.) Akapiga tena.

Ilikuwa 9:41.

Naomba muone nilichokiona mimi. Kidole kimeshaanza safari, wijeti inateleza vizuri, saa inasoma 9:41, rangi ya mchanga kila upande, nasema moyoni hii ndiyo, hii ndiyo yenyewe. Ghafla skrini nzima inabadilika. Picha ya shangazi kalala kwenye kochi, mdomo wazi, niliyompiga mwaka jana bila yeye kujua nikaiweka kwenye namba yake. Juu yake jina nililomsevu: CCTV YA NYUMBANI.

Na simu inatetemeka. Meza ikatetemeka nayo, na ule mkono umefungwa kwenye meza hiyo hiyo, na ile skrubu yake ya shingo nilikuwa nimeikaza kwa vidole tu. Shingo ikaanza kuinama. Taratibu, kwa adabu, kama mtu anayesinzia kwenye mkutano. Mimi naangalia kwenye skrini ya kamera naona picha ya shangazi inakuwa kubwa, inakuwa kubwa, na akili yangu, hii akili niliyosomeshwa, ikasema "duh, zoom nzuri hii". Pua ya shangazi ikajaa skrini. Halafu mdomo. Halafu tukaingia ndani ya mdomo.

Paa! Kioo juu ya kioo.

Nikaruka. Ila mimi na shuka na vibanio na ule mkono tulikuwa kitu kimoja, kwa hiyo niliporuka tuliruka wote, kiti kikaenda kwake, ringlaiti ikalala chini inamulika dari, simu zote mbili sakafuni, na mimi nimesimama katikati na shuka mpaka magotini, ule mkono umening'inia kifuani kama mkonga.

Mlango ukafunguka.

Hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga kelele. Alisimama tu. Na mimi kwa hofu, nikiwa ndani ya shuka, sauti ikatoka yenyewe:

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Nani, shangazi?"

"Huyo uliyekuwa unamwambia asiogope."

Klipu ya mshikaji inaishia kwenye "yuko wapi". Ukimya wenu huko kwenye komenti nauelewa sasa. Ila kulikuwa na mwendelezo.

"Ni simu, shangazi."

"Mwambie atoke, mimi sina ugomvi naye."

"Shangazi ni SIMU."

Akafungua kabati. Akainama chini ya kitanda. Akasema kwa upole kabisa, kwa upole ulionitisha kuliko kitu chochote, "Mama, toka tu, huyu si mtu mzuri." Anaiambia sanduku yangu ya viatu.

Na muda wote huo simu yangu sakafuni bado inaita, kwa sababu yeye mwenyewe kaishika yake mkononi hajakata. Akaufuata mlio, akainama, akaokota. Akajiona. Kalala kwenye kochi. Akasoma jina, midomo inasogea herufi moja moja. C. C. T. V.

Sijawahi kusikia nyumba ikiwa kimya vile. Hata ule mkono uliacha kubembea.

Halafu akashika pindo la shuka nililovaa akalisogeza kwenye mwanga. "Hili si shuka langu?" Akaingiza kidole kwenye tundu. Kikatokea upande wa pili, mbele ya pua yangu.

Yaliyofuata nafupisha maana hayawahusu. Shuka nimelipa. Picha nimefuta akiwa amesimama nyuma yangu, na jina kanisimamia nilibadilishe, kachagua mwenyewe "Shangazi Mpendwa" na kopa tatu nyekundu, nyekundu ya damu, zinaharibu setapu yangu yote ya mchanga kila akipiga. Proteka ya simu ya mshikaji imepasuka, ndiyo maana akafanya alichofanya, na hiyo nayo nimelipa, ila stika aliyotengeneza ya mimi ndani ya shuka hajafuta na nimeiona mpaka kwenye grupu la kazini. Video yangu halisi, ile safi ya sekunde 8 kabla ya kila kitu, nimeipandisha juzi. Imetazamwa mara 31. Ile yake sitaki hata kuitaja.

Na komenti ya kwanza kwenye yangu ni "yuko wapi?"

Ngojeni, shangazi anapiga. Sikupokea ile ya kwanza nikiwa naandika hapa kwa hiyo hii ni ya pili.